Bega la Mpika Halua

Rukia mwanangu,

Sanduku lako nimelifunga tena. Ukikuta mabuibui yamekunjwa kombokombo usimlaumu mama yako, ni mimi, na nimeyakunja kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliulaza mezani ukawa unatazama tu kama mgeni.

Najua utakasirika. Mchana ulilifungua mbele ya macho yangu, ukatoa nguo moja moja ukazirudisha kabatini, ukasema, "Siendi, Baba. Nitakwenda vipi?" Kisha ukapanda juu ukajifungia. Mama yako amekugongea, hukuitika. Mimi sikugonga. Wanijua nilivyo, nikianza vizuri namaliza kwa kufoka, na usiku wa leo sitaki kukufokea. Kwa hivyo naandika, na barua hii nitaipitisha chini ya mlango wako. Treni itaondoka Miritini kesho asubuhi uwe ndani au usiwemo, na chuo chako cha tiba ya viungo kilisema wazi: asiyeripoti kesho kutwa, nafasi yake apewa mwengine. Tumbo langu limejikaza tangu magharibi, hata chai halitaki. Uliniambia matumbo yana misuli yake ambayo haingoji amri ya mtu. Nikakucheka. Leo nimekuamini.

Wacha nianze na ulichokiona, maana ulichokiona ni nusu.

Leo mchana ulikuja jikoni nyuma ya duka kuniletea chai. Halua ilikuwa imefika pale pazito, wanga na sukari vimeshashikana, samli imeanza kutoka pembeni, na kila mzunguko wa mwiko ni kama kumburuta mtu asiyetaka kwenda. Kazungu alikuwa amechutama akichochea moto. Nikauvuta mwiko kuja kwangu, bega likalia tak, na mkono ukawa si wangu. Mwiko ukagonga ukingo wa sufuria, ukaanguka. Wewe ulisimama na bilauri mkononi. Hukuutazama mwiko, ulinitazama mimi. Halafu ukaweka chai chini, ukajifunga leso kiunoni, ukauokota, ukakoroga mpaka jasho likakutiririka machoni. Kazungu akakupokea. Lakini ilikuwa imeshashika chini. Halua ya harusi ya watu wa Ganjoni, sufuria nzima, yanuka moshi.

Ukaniuliza swali moja tu: "Tangu lini?"

Nikakujibu, "Leo tu. Nimeteleza."

Uongo ule haukusimama hata dakika. Uliniangalia kama mama yako anavyomwangalia muuza samaki anayeapa kwamba samaki wa jana ni wa leo. Basi jibu la kweli hili hapa: tangu Ramadhani ya mwaka jana.

Unakumbuka Ramadhani ile kazi ilivyokuwa. Watu wamepanga foleni mpaka kwenye kona, vikapu vya ukili vya kutilia halua vimetuishia, na mimi nakoroga sufuria baada ya sufuria na koo kavu. Siku moja nikahisi kitu kimechomoka begani, si maumivu makali, kama uzi umekatika kwenye mshono. Kazungu aliniona nimekunja uso. Akasema, "Bwana Salim, nipe kidogo, upumue." Nikamwambia, "Wewe angalia moto wako."

Wajua kwa nini. Umesikia neno hili tangu hujaota meno: mwiko haubadili mkono. Babu yako alilishika kama aya. Aliyeanza kuikoroga ndiye ataimaliza, kwa sababu halua yajua mkono wake, na ukimpa mwengine katikati itakataa, itakuwa maji maji, haitajitenga na sufuria. Kazungu yuko nami tangu kabla hujazaliwa. Kwao ni Rabai, Jumapili huenda kanisani, na siku nyengine zote yuko pale motoni kabla sijafungua mlango. Harufu ya halua inapoiva aijua kuliko mimi. Hata siku moja sikumpa mwiko. Nilimwachia kuni na kuosha sufuria, nikajiambia huo ndio utaratibu wetu wa kazi. Wallahi hakuna aliyejaribu kuona kama halua ingekataa. Hata babu yako hakujaribu.

Basi nikaendelea. Usiku nikawa siwezi kulalia upande ule. Nikaenda kwa mzee mmoja mkandaji, akatia mafuta moto, akapapasa, akasimamisha vidole vyake. Akasema, "Salim, hapa pamechanika kitu. Mimi sipagusi tena. Nenda hospitali." Badala ya kumshukuru nilimkasirikia, nikatoka nikimsema njia nzima kwamba amezeeka. Nikatafuta mwengine, kijana mwenye nguvu, ambaye alinikanda mpaka nikaona nyota mchana, nami nikarudi nyumbani nimefurahi ati kwa sababu amenipa nilichotaka kusikia: "Ni mshipa tu, Mzee, utarudi mahali pake."

Halafu nikaanza kuficha, na kuficha huko nina ufundi nako, Mungu anisamehe. Vikombe nilivihamisha rafu ya juu nikaviweka ya chini, mama yako akadhani nimeanza kupenda kupanga nyumba. Kofia nikaivaa kwa mkono wa kushoto. Kanzu nikaanza kuivaa kwa kuuingiza kwanza mkono mgonjwa, nimeinama kama mtu anayetambaa chini ya kitanda, na mlango nimeufunga komeo. Maumivu ya usiku nikamwambia mama yako ni baridi ya mifupa tu. Na kuna jambo moja sijui kama uliliona. Tangu Ramadhani ile hujaniona nikiswali. Nimekuwa nakimbilia msikitini kila swala, mama yako akiwasifia majirani uchamungu wangu. Kumbe nakimbia wewe usinione nikipiga takbira. Mkono wa kushoto wafika sikioni. Wa kulia waishia kifuani.

Yaniuma kuliandika hilo kuliko bega lenyewe.

Mwaka jana ulipokuwa ukijiandaa na mtihani, ulikuwa ukija kukaa juu ya gunia la sukari ukisoma kwa sauti, na sisi tukikusikiliza huku kazi yaendelea. Siku ile ya misuli ilikuwa burudani. Ulimwambia Kazungu ajishike chini ya kiwiko kisha achezeshe vidole. Alipohisi nyama yamtembea mkononi akaruka: "Kumbe kuna mtu humu ndani!" Ukamweleza kwamba vidole vyenyewe havina misuli, vyavutwa kutoka juu kwa kano, na Kazungu akashinda siku nzima akijishika mkono na kutikisa kichwa.

Mimi ukaniambia neno ambalo nililipinga. Ukasema, "Baba, msuli hauwezi kusukuma. Kazi yake ni kuvuta tu."

Nikasema, "Acha upuuzi. Na ninapousukuma mwiko kwenda mbele?"

"Hapo pia unavuta. Wa nyuma ya mkono unajikaza, mkono unanyooka."

"Na wa mbele?"

"Wa mbele unalegea. Usipolegea, mkono haunyooki."

Nikakujibu basi kuna mmoja anafanya kazi na mmoja mvivu. Ukacheka, ukasema kulegea nako ni kazi, na kwamba msuli haukui ukiwa kazini. Kazini wachakaa, wakwaruzika ndani kwa ndani. Wakua unapopumzika, mtu akiwa amelala. Nikasema ingekuwa hivyo, yule jirani yetu anayelala mpaka adhuhuri angekuwa pandikizi la mtu. Tulicheka sote mpaka nikasahau kukoroga.

Kisha ukasimama. Ulikuwa umefika kwenye bega, na ukasema, "Baba, hebu inua mkono wako wa kulia, nataka kuona jinsi mfupa unavyozunguka." Kitabu mkononi, uso umekunjuka. Nikakwambia, "Nimechoka mimi, nenda kamsaidie mama yako." Nilikwambia kwa ukali. Ulifunga kitabu ukatoka, na Kazungu hakunisemesha mpaka magharibi. Pale ndipo ningesema. Ungenigusa ungejua, na pengine leo ningekuwa nimeshapona. Nilipendelea uone baba mkali kuliko uone baba mgonjwa.

Miezi miwili iliyopita nilimwambia mama yako naenda Marikiti kununua iliki. Nilikwenda hospitali. Daktari alikuwa msichana, hakukuzidi sana, na alinionesha kwenye picha. Akasema bega limeshikwa na misuli midogo minne inayokizunguka kichwa cha mfupa kama vidole vilivyoshika yai. Yale manyama makubwa ya juu, ambayo nilikuwa najivunia nikiwa kijana, ni ya kuinua tu. Hiyo midogo ndiyo inayozuia mfupa usitoke mahali pake. Ukano wa mmoja wao wapita penye upenyo mwembamba, na mimi nimeusaga pale miaka yote, mkono uleule, mzunguko uleule, mpaka ukachanika. Akaniambia msuli ambao ukano wake umekatika hauna pa kuvuta, basi hunywea, na mahali pake huingia mafuta. "Ungekuja mapema," akasema, "tungeushona tukiwa na matumaini makubwa. Sasa tunaweza kujaribu, lakini kila unavyongoja nafasi inapungua. Kwa nini ulingoja?"

Nikasema, "Kazi, daktari."

Haikuwa kazi, Rukia. Niliogopa. Nikitoa mwiko mkononi, Salim ni nani? Mzee mmoja tu amekaa barazani akiulizwa hali.

Alinipa siku ya kurudi. Sikurudi. Nilijipa hoja nzuri: acha kwanza Rukia aondoke, aondoke akijua ana baba mzima, hayo mengine baadaye. Na bega likaamua kutongoja.

Sasa wewe wasema hutaki kwenda. Mchana ulisema, "Nani atakoroga?" Ngoja nikwambie habari ya kubaki, kwa sababu mimi nilibaki.

Nilikuwa na umri kama wako. Nilipata nafasi ya kusomea ufundi wa mitambo, nimeshashonewa hata suruali. Babu yako akaanguka ngazini akavunjika nyonga. Hakuna aliyeniomba nibaki, hata yeye. Nilibaki mwenyewe, nikaushika mwiko, na mji mzima ukanisifu: mwana mwema, mwana mwenye radhi. Na mimi nikala sifa hizo, na chini yake nikawa na hasira ambayo sikumwambia mtu. Miaka ikapita. Siku moja babu yako, ameshazeeka, amekaa pale dirishani, akasema, "Salim, hebu niletee maji." Nilikuwa nimetoka jikoni, nimechoka, mikono yanuka moshi. Nikamwambia, "Kwa ajili yako nimeozea hapa."

Na tangu siku hiyo hakuniomba tena maji. Akiwa na kiu alikuwa akiinuka mwenyewe, ameshika ukuta, hatua kwa hatua, mpaka kwenye mtungi. Mama yako aliingia nyumba hii akamkuta yuko hivyo, akadhani ni mzee mwenye kiburi. Sikumwambia kwa nini. Alikufa hivyo, na mimi nikamwosha kwa mikono hii, nikaona mapaja yake yalivyokuwa membamba, nikakumbuka kila safari ya kwenda mtungini.

Ndiyo maana sitaki ubaki. Si kwamba mimi ni baba mwema sana. Nakupenda, hilo walijua hata nikifoka, lakini kuna jengine: naogopa maji utakayoniletea baada ya miaka kumi. Sitaki siku hiyo uniambie nililomwambia yule mzee, na uwe umesema kweli.

Haya, sikiliza nilichofanya jioni hii, baada ya wewe kujifungia.

Kwanza nilimwambia mama yako. Kila kitu, mpaka iliki ya Marikiti. Alisimama mikono kiunoni. Kisha akasema, "Mwanamume mtu mzima ovyo! Mwaka mzima nakupaka mafuta ya baridi, vidole vyaniuma mimi, kumbe baridi yenyewe ni wewe!" Akacheka, kicheko kikageuka kilio, akanipiga kofi la bega. La kushoto, alhamdulillahi. Jumatatu atanipeleka hospitali mwenyewe, ati atanishika kanzu nisije nikakimbia. Nimekubali. Kama watanishona, watanishona. Kama wamechelewa kwa sababu yangu, nitajua hivyo. Sikuahidi kwamba nitapona, Rukia, maana nimeshachoka kukudanganya. Naogopa. Nakwambia hivyo kwa sababu nawe waogopa huko juu, na nyumba moja haifai watu watatu waogope kila mmoja chumbani mwake.

Pili, nilikwenda jikoni. Kazungu alikuwa bado yupo, amekataa kwenda kwake, akiisugua ile sufuria iliyoungua mpaka shaba yang'aa. Nikauchukua mwiko, nikaupangusa, nikamwekea mkononi. Alinitazama kama nimeshikwa na homa.

"Wa nini, Bwana Salim?"

"Halua ya harusi. Kesho utaipika wewe."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa tutaila sisi."

Hakucheka. Aliushika mwiko kwa mikono miwili, akaangalia chini, akasema, "Ungenipa zamani, hilo bega lingekuwepo." Nimefokea watu wengi maishani kwa maneno madogo kuliko hayo. Nikanyamaza, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu alilisema taratibu. Halafu akaniuliza kama wewe utakwenda. Nikamwambia sijui. Akasema, "Mwambie nimebakisha kuni za kutosha." Sikuelewa anamaanisha nini, lakini alitaka nikwambie, basi nimekwambia.

Ataanza baada ya alfajiri. Utausikia mwiko ukikwaruza sufuria, ule mlio uliokuamsha tangu utotoni. Tafadhali usishuke mbio ukidhani ni mimi nimeshika tena. Chungulia dirishani kwanza. Utaona Kazungu anakoroga, na mimi nimekaa kwenye lile gunia lako la sukari, mkono nimeufunga kwa leso ya mama yako, sifanyi chochote. Itakuwa mara yako ya kwanza kuniona hivyo, na pengine utadhani nimeshindwa. Nimekaa kwa sababu nimelegeza, na kulegeza huku, ulivyosema, nako ni kazi. Kazi ngumu, wallahi. Nitakuwa natamani kumnyang'anya mwiko kila akizunguka.

Mwanafunzi wa tiba ya viungo atakutana na watu kama mimi wengi. Watakwambia ni leo tu, wameteleza. Usiwaamini, lakini usiwaaibishe. Waambie wainue mkono, na wakisema wamechoka, keti ungoje kidogo. Mimi ungeningoja kidogo tu siku ile, ningeweza kusema. Sikulaumu. Ulikuwa mtoto, na mimi nilikuwa nakufukuza.

Basi nimefika mwisho. Moyo wapiga kwa nguvu, ule msuli usiopata likizo, uliniambia. Sijui utaamua nini. Sitakugongea mlango, wala mama yako hatagonga. Sanduku liko chini ngazini.

Ila ukishuka nalo, kuna mambo mawili uyajue mapema yasikuumize mbele za watu. Sanduku utalibeba mwenyewe. Nimezoea kukubebea tangu mkoba wa madrasa, lakini kesho sitaweza, na watu pale Miritini watasema mzee gani huyu amtazama binti akihangaika. Waache waseme.

La pili, wasindikizaji huishia getini. Ukishapita ukaguzi, geuka nyuma mara moja. Utaniona nimesimama na mama yako, nakupungia kwa mkono wa kushoto. Mimi ndiye niliyekupiga vidoleni ukiwa mdogo, nikikwambia mkono wa kushoto haumwamkui mtu wala haumwagi mtu. Uniwie radhi, mwanangu. Ndio unaoinuka.

Babako,
Salim